Injini ya Trekta la Majani Inayopanda na Kushuka

Injini ndogo ya petroli iliyo nzima, ikiachwa ingurume kwa mwendo wa chini bila mzigo, hutoa sauti moja, kama cherehani inayokanyagwa na fundi mzoefu. Injini yenye kasoro haitulii. Hupanda, hushuka, hupanda tena, hushuka tena. Mara hukohoa, hutikisa kiti, na mwisho huzima. Sauti hiyo ya pili ndiyo mada ya mazungumzo ya leo.

Mashine inayozungumziwa ni trekta dogo la kukatia majani, lile ambalo dereva huketi juu yake na visu vikazunguka chini ya tumbo lake. Zamani mashine hizi zilikuwa chache kwenye uwanda huu wa kati, Dodoma na jirani zake. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, bustani za ofisi, vyuo, hoteli na viwanja vya michezo zimeongezeka, na majani ya viwanja hivyo hayawezi yote kukatwa kwa slesha. Na asiyekuwa na trekta la majani asizime redio. Injini inayolisukuma ni ya ukoo mmoja na ile ya pampu ya maji inayomwagilia zabibu Hombolo na mboga mabondeni, na ile ya jenereta ya dukani. Kabureta ni ileile, plagi ni ileile, na ugonjwa ni uleule.

Je, ugonjwa huu huja lini? Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake ni nusu ya matibabu. Dodoma hupata mvua kidogo, kama milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Majani hukauka, trekta huegeshwa chini ya mti au kwenye banda la mabati, na petroli iliyobaki huachwa humohumo. Jua linawaka, upepo wa Julai na Agosti unasukuma vumbi jekundu, na mashine imelala. Mvua za kwanza zinapofika, majani yanachipua kwa siku chache, mtu anakumbuka trekta, anawasha, na injini inaanza kupanda na kushuka. Alipoliegesha mwezi Mei lilikuwa zima. Kilichoharibika kimeharibika likiwa limesimama.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbukwa: kwenye uwanda wa kati, mara nyingi injini hii haijachakaa. Ina njaa. Inakosa petroli kwenye tundu dogo kuliko yote ndani yake, na tundu hilo limezibwa na kiangazi.

Ili kuelewa kwa nini njaa hiyo huleta kupanda na kushuka, na si kuzima tu, inafaa kumfahamu gavana. Gavana hapa si mkuu wa benki. Ni kifaa ndani ya injini kinacholinda mwendo. Vipo vipande viwili vya uzito vinavyozunguka pamoja na injini. Injini ikienda kasi, vipande hivyo hutanuka kwenda nje na kusukuma mkono mdogo, na mkono huo hufunga kibati cha mviringo kilicho kwenye koo la kabureta. Injini ikipungua mwendo, springi huvuta mkono upande wa pili na kibati hufunguka. Kazi yake ni hiyo usiku na mchana: kasi ikizidi, afunge, kasi ikipungua, afungue.

Sasa mafuta yakiwa pungufu kwa hewa inayoingia, injini hulegea. Gavana anaona imelegea, anafungua. Mchanganyiko mwingi unaingia kwa ghafla, injini inaruka juu. Gavana anaona imezidi, anafunga. Mafuta yanapungua tena, injini inalegea tena. Hapo ndipo unapotoka ule mlio wa kuvuta na kuachia. Gavana anafanya kazi yake vizuri kabisa, ila anatawala injini isiyolishwa sawasawa.

Jambo hili linasisitizwa kwa sababu ni hapa ambapo pesa nyingi hupotea na injini nzima huuawa. Mtu anaona mkono wa gavana unacheza mbele na nyuma, anadhani ndio wenye kasoro. Anakaza springi, au anaikunja, au anaifunga kwa waya. Mlio unapotea kwa siku moja. Lakini injini iliyopimwa iishie mizunguko kama 3,600 kwa dakika sasa haina anayeizuia, na konrodi ikikatika kwa mwendo huo hutoboa ukuta wa injini. Springi ya gavana isiguswe. Irudiwe tena: springi ya gavana isiguswe mpaka sababu nyingine zote zimechunguzwa na kuondolewa, na hata hapo iguswe na fundi mwenye kipimo cha mizunguko mkononi.

Uchunguzi unaanza wapi? Unaanza kwa masikio. Spana ikae kwanza kwenye boksi.

Kuna sauti tatu zinazochanganywa. Ya kwanza ni ile ya kupanda na kushuka kwa mpangilio, kama mtu anayepumua kwa nguvu. Hiyo ni njaa ya mafuta, au hewa ya wizi inayoingia mahali pasipostahili. Ya pili ni ya kuruka: injini inanguruma sawa, halafu inakosa mpigo mmoja, inaendelea, inakosa tena bila mpangilio. Mafundi husema inamisi. Hiyo hutafutwa kwenye umeme wa plagi, na wakati mwingine kwenye valvu. Ya tatu ni sauti nzito, ya kukaba, pamoja na moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Hiyo ni shibe iliyozidi: mafuta mengi, hewa kidogo. Choki imekwama, au kisafishia hewa kimejaa vumbi, au sindano ya floti, lile boya la ndani ya kabureta, haizibi.

Baada ya masikio huja choki, na hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote visivyohitaji kifaa. Injini ikiwa imepata joto na inapanda na kushuka, choki huvutwa polepole hadi nusu. Choki hupunguza hewa, kwa hiyo huongeza uzito wa mafuta kwenye mchanganyiko. Ikiwa injini inatulia, jibu limepatikana: ilikuwa na njaa. Ikiwa inazidi kukaba na kutoa moshi mweusi, ilikuwa tayari imeshiba. Ikiwa hakuna kinachobadilika na inaendelea kumisi tu, kabureta iachwe na macho yahamie kwenye plagi. Nusu dakika ya choki huokoa siku nzima ya kufungua vitu visivyo na kosa.

Kabla ya mkono wowote kuingia kwenye mashine, usalama. Trekta liegeshwe mahali tambarare, breki ya kuegesha ifungwe, visu viondolewe kwenye kazi, funguo itolewe, na waya wa plagi uchomolewe; zikiwa silinda mbili, nyaya zote mbili. Kazi ya petroli ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara. Na injini isingurume ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua kimya.

Petroli yenyewe ndiyo huchunguzwa mwanzo. Kiasi kidogo hutolewa kwenye tangi na kuwekwa kwenye chupa nyeupe ya kioo, kikaachwa dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na mstari kati yao huonekana wazi. Vumbi huonekana chini kabisa ya chupa. Petroli iliyozeeka huwa na rangi ya kuiva na harufu chachu, tofauti kabisa na ile kali ya kituoni. Vitabu vingi vya Marekani huelekeza lawama kwenye spiriti ambayo huko huchanganywa na petroli, mara nyingi kwa asilimia 10. Kwenye joto kavu la Dodoma, adui wa kwanza ni kukauka. Sehemu nyepesi za petroli huruka hewani, na kinachobaki ni utomvu wa rangi ya kahawia unaoganda kama gundi.

Ipo pia petroli ya chupa za kando ya barabara, ambayo wengi huinunua kwa kukosa kituo karibu. Hakuna ajuaye imekaa juani siku ngapi, au imegusana na nini ndani ya dumu. Tatizo la kuchanganya mafuta ya taa kwenye mafuta mengine lilikuwa kubwa nchini kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike. Mafuta ya taa hayawaki vizuri kwenye injini ya plagi. Huleta moshi, masizi na mngurumo usiotulia. Petroli yenye shaka imwagwe kwenye chombo salama, na injini ijaribiwe kwa lita moja au mbili za petroli mpya ya kituoni. Injini nyingi hupona hapo.

Isipopona, njia ya mafuta hufuatwa kutoka juu kwenda chini. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo likizibwa na vumbi, petroli inapotoka tangini hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, na mtiririko hufifia. Dalili yake ni ya pekee: injini huanza vizuri, na baada ya dakika kumi au ishirini huanza kuyumba na kuzima. Mfuniko ulegezwe kidogo. Ikiwa injini inatulia, dawa ni kusafisha mfuniko, na hakuna sababu ya kwenda mbele zaidi.

Baada ya mfuniko ni mipira ya mafuta na filta. Jua la uwanda wa kati hukausha mpira hadi ukapasuka nyufa ndogo zisizoonekana mpaka ukunjwe. Filta ya kioo au plastiki ikiwa nyekundu ndani, ibadilishwe. Kwenye matrekta mengi tangi liko chini ya kiti au nyuma, na petroli haiwezi kushuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Ipo pampu ndogo ya utando inayosukumwa na pumzi ya injini yenyewe kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, pampu hupiga kwa unyonge na injini hupata mafuta kwa vipindi. Watu hubadilisha kabureta nzima wakati kilichohitajika ni kipande cha mpira.

Halafu hewa. Kisafishia hewa, au eakilina kama gereji nyingi zinavyokiita, ndicho kifaa kinachoteseka kuliko vyote Dodoma. Trekta la majani hufanya kazi ndani ya wingu lake mwenyewe: visu vinazunguka karibu na ardhi, majani makavu na vumbi vinapanda, na injini inavuta hewa humohumo. Wanaofahamu historia ya eneo hili watakumbuka Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga, mengi yakiwa mabaki ya vita, na mengine yametengenezwa kutokana na vifaru. Ardhi ya Kongwa, inayokuwa ngumu kama tofali wakati wa kiangazi, ililisaga jembe, na mashine nyingi zikalala mapema kwa kuharibika. Januari 1951 mpango ukaachwa. Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, kuanzia mvua hadi mipango mibovu, lakini udongo na vumbi la uwanda huu havijabadilika tangu siku hizo. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya bustani yenye unyevu huku inahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu chake kinavyosema.

Sponji ya nje ya kisafishia hewa huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakamuliwa na kukaushwa kivulini. Karatasi ya ndani haioshwi. Hupigwapigwa taratibu dhidi ya kiganja mpaka vumbi litoke, na ikiwa mwanga wa jua haupiti ndani yake, inunuliwe mpya. Kuipuliza kwa kompresa yenye nguvu hutoboa karatasi, na tundu lisiloonekana kwa jicho linatosha kupitisha vumbi la kusaga ringi na ukuta wa silinda. Kuna wanaowasha bila kisafishia hewa ili injini ipumue. Kwa dakika moja ya uchunguzi, hakuna shida. Kwa siku moja ya kazi, ni kuinunulia injini kifo.

Ikiwa mafuta ni mapya, mfuniko unapumua, mipira mizima, hewa safi, na injini bado inapanda na kushuka na choki inaituliza, sasa ni zamu ya kabureta.

Kabureta haifunguliwi kwa kukumbuka. Kwanza ipigwe picha kwa simu, pande zote, ili kila springi na kila kijiti kionekane kimeingia tundu lipi. Springi mbili zinazofanana zikibadilishana nafasi, injini itayumba zaidi kuliko mwanzo na fundi hatajua kwa nini. Kisha koki ya mafuta ifungwe, au mpira ubanwe, na bakuli la chini lifunguliwe juu ya chombo. Ndani ya bakuli ndimo ukweli ulimo. Kiangazi kikali huacha humo ukoko wa kahawia, unga mweupe wa kutu ya aluminiamu, au mchanga mwembamba kama poda.

Katikati ya kabureta husimama jeti kubwa, inayolisha injini ikiwa kazini. Pembeni, mara nyingi ikiwa imefichwa chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo, ipo jeti ndogo, na hiyo ndiyo inayolisha injini kwa mwendo wa chini. Tundu lake ni jembamba kama unywele. Tone moja la petroli likikaukia humo, linaliziba lote. Ndiyo maana trekta linaweza kukata majani vizuri likiwa na kasi, na likarudishwa mwendo wa chini likaanza kuyumba: jeti kubwa iko wazi, jeti ndogo imezibwa.

Tundu hilo halichokonolewi kwa sindano ya chuma wala kwa waya wa breki ya baiskeli. Jeti ni ya shaba nyeupe au ya njano, laini. Sindano huipanua, na jeti iliyopanuka haifai tena. Hutumika dawa ya kusafishia kabureta pamoja na hewa ya kompresa, na pale inapobidi, uzi mmoja tu wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme wa kawaida. Jeti iliyo safi ikielekezwa juani huonyesha duara la mwanga lililo kamili. Matundu madogo ya mrija uliosimama juu ya jeti kubwa nayo yasafishwe, na njia zote ndani ya mwili wa kabureta zipulizwe mpaka hewa itoke upande wa pili. Floti itikiswe karibu na sikio: ikisikika maji maji ndani, imetoboka.

Wakati wa kurudisha, gasketi iliyokatika haifichwi kwa gundi nzito, kwa maana kipande cha gundi kikivunjika huenda moja kwa moja kuziba jeti iliyosafishwa sasa hivi. Kwenye kabureta zenye skrubu ya mchanganyiko isiyofungwa kiwandani, skrubu hiyo hukazwa kwa upole mpaka iguse, kisha hurudishwa mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu. Huo ni mwanzo tu. Marekebisho ya mwisho hufanywa injini ikiwa ya moto: skrubu huzungushwa kidogo huku na huku mpaka ipatikane sehemu ambayo injini inanguruma kwa ulaini zaidi. Mwendo wa chini wa injini nyingi za aina hii ni karibu mizunguko 1,750 kwa dakika, ingawa kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho.

Chini ya bakuli la kabureta, kwenye matrekta mengi, kumefungwa solenoidi: kifaa cha umeme kinachokata mafuta funguo inapozimwa. Waya wake ukilegea, hufungua na kufunga kwa kutetemeka, na injini huyumba kana kwamba ina uchafu. Kikazwe kichwa cha waya kabla ya kumlaumu mwenye kituo cha mafuta.

Je, ikiwa kabureta ni safi kama siku ilipotoka dukani na kuvuta na kuachia kunaendelea? Hapo hutafutwa hewa ya wizi. Kati ya kabureta na silinda kuna gasketi, na mara nyingi kipande cha kuzuia joto. Bolti zikilegea kwa mtetemo, hewa huingia pembeni bila kupita kwenye kabureta, na mchanganyiko huwa mwepesi. Wapo wanaopuliza petroli au dawa ya kabureta kwenye maungio ili kusikia mabadiliko. Karibu na ekzosi ya moto hiyo ni hatari kubwa. Maji kidogo ya kupuliza, mbali na plagi na nyaya, hufanya kazi hiyohiyo: mlio ukibadilika maji yanapogusa ungio fulani, mahali pa kuvuja pamepatikana. Kwenye mashine iliyokula vumbi miaka mingi, hewa huingia pia pale ambapo ekseli ya kibati cha kabureta imelika na kucheza tunduni mwake. Hiyo haina dawa ya kudumu ila kubadilisha kabureta.

Kumisi kuna njia yake. Plagi itolewe na isomwe. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Nyeupe ya chokaa ni mafuta machache au joto kupita kiasi. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi au valvu zilizochoka, au oili iliyojazwa kupita alama. Nafasi ya plagi kwa injini nyingi za kundi hili ni milimita 0.76. Injini ya silinda mbili ina mtego wake: silinda moja ikifa, nyingine hubeba kazi zote, na trekta huendelea kutembea kwa kutetemeka. Njia salama ya kutambua ni kuzima, kuchomoa waya wa plagi moja na kuufunga kwenye chuma cha injini, kisha kuwasha. Silinda ambayo kuikosa hakubadilishi chochote ndiyo iliyolala.

Kisa kingine cha kumisi huishi chini ya kiti. Matrekta haya yana swichi inayozima injini dereva akiinuka, ili visu visimkate anayeshuka. Kiti kikilegea na njia ikiwa na makorongo, swichi hugusa na kuachia, na injini hukatika kwa kufumba na kufumbua. Dawa ni kukaza kiti au kubadilisha swichi. Kuiunganisha moja kwa moja ili isizime kamwe ni kuondoa kitu kilichowekwa pale kwa ajili ya vidole na miguu ya watu.

Na wapo wasikilizaji watakaouliza kuhusu mwinuko. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Watengenezaji hukadiria kwamba injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo ni kweli kwamba trekta lilelile litavuta kwa unyonge kidogo Dodoma kuliko pwani. Lakini hewa nyepesi hufanya mchanganyiko uwe na mafuta mengi zaidi, wala si machache. Mwinuko hauwezi kushtakiwa kwa injini inayopanda na kushuka kwa njaa, na jeti kubwa zaidi haitakiwi. Marekebisho ya jeti kwa ajili ya mwinuko huanza kupendekezwa na watengenezaji kwenye mita 1,500 hivi kwenda juu, na hata huko jeti hupunguzwa.

Yakishindikana yote hayo, hubaki valvu, ringi na joto la ndani, na hapo kazi ni ya fundi mwenye vipimo. Ni wachache wanaofika huko. Walio wengi wataishia kwenye petroli ya zamani, mfuniko usiopumua, au jeti ndogo.

Kwa kuwa ugonjwa huzaliwa kiangazi, kinga yake hufanywa Aprili au Mei, majani yanapoanza kunyauka. Tangi humwagwa. Injini huwashwa na kuachwa inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, kisha bakuli hufunguliwa skrubu ya chini ili matone ya mwisho yatoke. Oili hubadilishwa ikiwa ya moto. Majani yaliyogandia chini ya sitaha ya visu hukwanguliwa, betri hutolewa na kuwekwa mahali pa baridi, na mashine hufunikwa kwa turubai, tundu la hewa likiwa limezibwa kwa kitambaa safi ambacho mwisho wake unaning'inia nje uonekane. Desemba, kabla ya funguo kuzungushwa, kitambaa hicho hutolewa, betri hurudishwa, lita mbili za petroli mpya hutiwa, na injini huachwa ingurume kwa dakika tano, visu vikiwa vimelala, huku mtu amesimama kando anaisikiliza.